Ua Letu

Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, mkono wa kulia umezama shimoni hadi begani, akitafuta kandambili ya mama yake. Chemba ile ilipokea uchafu wa majengo yote matatu: maji ya sabuni, mafuta ya vyombo, na mengine ambayo pua iliyataja bila kuulizwa. Vidole viligusa kitu laini, vikaruka, vikarudi kwa kulazimishwa. Haikuwa kandambili.

"Achana nayo, mwanangu," mama alisema nyuma yake. "Moja si imebaki?"

"Moja utaivaaje?"

"Nitaruka kwa mguu mmoja. Si ndivyo wanavyotaka?"

Mama alikuwa ameketi juu ya bamba la saruji, mguu ameunyoosha mbele. Ngozi ya muundi ilikuwa imekwanguka kama karoti, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti. Jirani wa ghorofani alimmwagia maji ya ndoo taratibu, huku uso wake ameugeuzia pembeni kwa harufu. Watoto walikuwa wamekusanyika, pua wameziba. Macho ya mama yalikuwa yamebakiwa na mwanga tu, mwanga usio na sura za watu, lakini masikio yalikuwa mazima na aliwasikia wote walivyomzunguka.

"Sikuanguka," aliwatangazia. "Nimekanyaga vibaya."

Mfuniko wa chemba ulikuwa wa chuma, na chuma kina wanunuzi wake. Ulitoweka baada ya mtunza bustani kuachishwa kazi, kisha majani yakarefuka yakaliziba shimo lisionekane. Fundi alikuwa ameshalifunika kwa ubao. Ubao ukaenda kuwa kuni za mtu. Akaweka kipande cha plaiwudi. Kikanywa mvua kikawa uji. Akaweka beseni lililotoboka. Kumbe kuna mtu alikuwa na haja ya beseni lililotoboka. Katika makazi yale, kitu chochote ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba kilikuwa kimeshabebwa.

Fundi alikuwa mwanamke wa cherehani, akishonea kibarazani, chumba cha chini, jengo la kwanza. Kwenye mwimo wa mlango wake alikuwa amefunga kamba, akaivuta hadi kwenye nguzo ya kuanikia nguo katikati ya ua. Kila alasiri mama aliishika kamba ile, akaifuata kwa mkono mpaka kwenye nguzo. Hapo njia ilipinda. Aliiachia kamba, akageuka kushoto, akafuata mabamba ya saruji kwa nyayo zake na kelele za barabarani kwa masikio yake, mpaka getini. Pale kwenye benchi alimkuta rafiki yake, mjane wa dereva wa jengo la tatu, wakaketi kuwasengenya watu wazima na watoto wao mpaka jua lipoe.

Safari hiyo ndiyo iliyokuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kufanya bila kushikwa mkono. Alioshwa, alipakuliwa, alitafutiwa nguo. Lakini getini alikwenda mwenyewe.

"Siku nitakayoshikwa mkono kwenda getini," alizoea kusema, "nitabaki ndani nisubiri jeneza."

Fundi alimjua mama yake. Kwa mambo mengine alitania, kwa hilo hakutania. Na chemba ilikuwa pale pale kwenye kona ya nguzo, hatua moja kutoka mahali alipoiachia kamba.

Walipohamia, ua ule ulikuwa ua kweli. Nyasi zilikatwa, njia ilifagiwa, kulikuwa na mti ambao chini yake mtu aliweza kuweka kiti. Sasa majani yalifika kiunoni, mizizi ilikuwa imeyainua mabamba moja moja, na mti ulikuwa umekauka ukauegemea ukuta kama mlevi. Ndani ya kodi kulikuwa na fungu la utunzaji wa mandhari. Mandhari yaliondoka, fungu likabaki.

Msimamizi wa majengo aliitwa Mchakato. Si jina alilopewa na wazazi wake. Ukimwambia panya wameingia ndani, alisema suala hilo liko kwenye mchakato. Mti unataka kuangukia watu: uko kwenye mchakato. Chemba haina mfuniko: tena hiyo ndiyo iko mbele kabisa kwenye mchakato. Alisema kwa upole, akiwa na kalamu mfukoni ambayo haikuwahi kutoka. Pikipiki yake ilipoingia getini watoto waliimba jina hilo wazi wazi, naye akawapungia mkono.

Na usidhani ungeweza kuchukua panga ukafyeka mwenyewe. Seremala mmoja wa jengo la pili alifanya hivyo, akasafisha mbele ya mlango wake tu. Mchakato alimuuliza ni nani aliyemruhusu kubadilisha mazingira ya watu. Mwezi haukwisha, seremala akaonekana anapakia kitanda chake kwenye mkokoteni.

"Mpangaji anapanga chumba," Mchakato aliwaeleza waliobaki. "Hapangi udongo."

Lakini mguu wa mama uliwachoma watu. Mama hakuwa mama wa Fundi peke yake. Nusu ya watoto wa pale walilelewa mapajani mwake wazazi wao wakiwa kazini. Mchakato alipokuja tena alikuta wapangaji wamesimama mbele ya pikipiki, hawapigi kelele, wamesimama tu. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko kelele.

"Haya, haya," alisema akishuka. "Mnadhani mimi ndiye ninayewakwamisha? Ngoja nimpigie Bosi mbele yenu. Mseme wenyewe."

Wote walimgeukia Mwalimu. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha lugha maisha yake yote, na kwenye vikao vya ghorofani yeye ndiye aliyeongea kwa kituo na mkato. Mwalimu alijishika koo.

"Sauti yangu leo haiko vizuri," alisema. "Aliyeumizwa mama yake ndiye aseme. Itakuwa na uzito zaidi."

Basi simu ikawekwa spika. Iliita, ikaita, ikapokelewa katikati ya sauti za vijiko na sahani.

"Shikamoo Bosi. Niko na wapangaji hapa. Wana kero ndogo."

"Wana nini?"

"Kero, Bosi. Ndogo tu."

Akamsogezea Fundi simu mdomoni. Tangu asubuhi, huku mguu ukikanyaga cherehani, Fundi alikuwa amepanga maneno yake yote: kwanza chemba, kisha mfuniko, kisha majani, kisha mama. Alipoisikia pumzi ya mwenye nyumba, maneno yote yakaruka kama kuku waliofunguliwa banda.

"Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa kushona, jengo la kwanza, chini. Tunaomba... tunaomba ua, mzee."

"Mnaomba nini?"

"Ua. Ua letu, mzee. Limeharibika kabisa. Hakuna anayelitunza, linatia aibu hata mbele ya wageni."

Mwalimu alifumba macho. "Wetu," alinong'ona kwenye kola ya shati lake. "Umeharibika. Unatia aibu." Lakini nani anamsahihisha jirani sarufi wakati anaongea na mwenye nyumba? Angeonekana anajipendekeza. Au mbaya zaidi, sauti yake ingesikika simuni na ingekumbukwa. Akameza mate pamoja na sarufi yake.

Kisha Bosi akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Ua tu? Na mimi nikadhani mnataka nishushe kodi! Mtapata, mama. Tena kubwa. Msimamizi, umesikia? Wapelekee ua."

Kitu kilipita usoni mwa Mchakato, kama mtu aliyeokota noti njiani na anatazama kama mwenyewe yuko karibu. "Nimesikia, Bosi. Kubwa."

"Na picha unitumie."

"Na chemba, mzee, ile chem..." Fundi alianza, lakini kidole cha Mchakato kilikuwa kimeshakata simu.

Watu walishangilia. Vijana walimbeba Fundi juu juu. Bosi amekubali, tena kwa mdomo wake, tena mbele ya watu! Fundi alikwenda kumweleza mama, maneno yakigongana.

"Amesema kubwa?" mama aliuliza.

"Tena kubwa, mama."

"Sasa wataupanua mpaka wapi, na nyuma ni ukuta wa watu?"

Walicheka wote wawili. Fundi alimnunulia kandambili mpya. Alishona akiimba, jambo ambalo majirani hawakuwa wamelisikia kitambo, na sauti yenyewe haikuwa nzuri, lakini wakamvumilia.

Pikapu ilikuja baada ya watu kuanza kuulizana. Wanaume wanne walishuka, wakateremsha chungu kikubwa cha saruji wakiguna kwa uzito, wakakitua ndani ya geti. Ndani ya chungu palisimama shina refu la kijani lenye ua jekundu, petali pana kama visahani. Wapangaji walikuwa wametoka wote, wengine wameshika mafagio na makoleo yao ili kusaidia.

"Mashine ya kukata majani inakuja na gari lipi?" jirani wa ghorofani aliuliza.

"Gari ni hili hili," alijibu mmoja wa wabebaji.

Mchakato alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alilionyesha lile ua kwa mkono wote, kama bwana harusi anayetambulisha ndugu.

"Haya. Ua lenu hilo."

Mtu aliyekuwa na koleo aliliegemeza ukutani polepole, kana kwamba ameona haya kuonekana nalo.

"Tulimaanisha ua," Fundi alisema. "Uwanja! Hapa tunapokaa! Huu hapa!" Akaikanyaga ardhi kwa kisigino.

"Dada, mimi nilikuwepo. Ulisema ua letu, limeharibika, hakuna anayelitunza. Bosi kakuletea ambalo hata halihitaji kutunzwa. Halinywi maji, halitaki mbolea. Kosa lake nini?" Akageuka. "Au siyo, Mwalimu? Wewe ni mtu wa lugha. Ukisikia 'ua letu', hilo ni lipi?"

Wote walimtazama Mwalimu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Chumba chake kilikuwa kizuri kuliko vingine, dirisha lilitazama barabara, na umri aliokuwa nao haukuwa wa kupakia kitanda kwenye mkokoteni.

"Kisarufi," alisema. Akakohoa. "Kisarufi, ua letu ni... lile la kunusa."

Hakumtazama Fundi. Fundi alimtazama yeye, akaona mzee wa watu anavyosinyaa ndani ya shati lake, na hasira yake ikakosa pa kutua.

"Mwalimu amemaliza," Mchakato alisema. "Sogeeni tupige picha. Bibi aje mbele, Bosi atafurahi kumwona Bibi."

Mama alisogezwa. Aliinama kunusa, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akaishika petali moja katikati ya vidole, akaisugua kama alivyozoea kusugua vitambaa ambavyo binti yake alimletea avipime wembamba wake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti, "hii si nailoni?"

Watu walipasuka kwa kicheko. Hawakuwa na furaha hata chembe, lakini kicheko kikishatoka hakirudi, na hapo ndipo Mchakato alipobonyeza simu. Katika picha aliyotumiwa Bosi, wapangaji wote wamelizunguka ua lao meno nje, na bibi kizee asiyeona amelishika kwa upendo. Inasemekana aliipenda sana.

Jua halijazama Fundi alikuwa anagonga milango. Hakuhutubia. Alisema tu, "Kina uzito gani kile chungu?" na waliokuwa na akili walivaa viatu. Mjane wa dereva alitoa mabomba ya zamani ya marehemu mumewe; wakayalaza chini, wakakibingirisha chungu juu yake, kutoka getini mpaka kwenye nguzo ya kuanikia, huku wakitukanana kwa furaha. Mwalimu alitokea mwishoni bila kuitwa, akasukuma pamoja nao, hakuna aliyemsemesha na hakuna aliyemfukuza. Wakakituliza juu ya chemba. Kitako chake kiliziba shimo lote, kikazidi pande zote. Mtu mmoja asingeweza kukiiba. Hata wawili.

Majani hawakuyakata. Kukata kulikuwa kumekatazwa. Lakini kutembea nani amekukataza? Wakatembea kwenye njia ile, wazima na watoto, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka majani yakalala chini na mabamba yakaonekana.

Mama aliisoma njia mpya upesi kuliko walivyotarajia. Kamba mpaka nguzo. Achia kamba. Mkono wa kulia mbele: ua. Ukishaligusa, geuka kushoto, mabamba, kelele, geti. Lile ua likawa bora kuliko nguzo yenyewe, kwa sababu nguzo ilikuwa nyembamba na siku nyingine mkono uliikosa, lakini zile petali zilikuwa pana, hazikukosekana.

"Hujambo, Nailoni," alilisalimu kila alasiri, akalipapasa, akageuka. Watoto walilipokea jina. Hata mlinzi wa getini alikuwa akiuliza, "Bibi ameshapita kwa Nailoni?"

Fundi alirudi kushona akiwa ameinamisha kichwa. Zamani, mama akiwa njiani, alishona mshono mmoja akainua macho, akashona mwingine akainua macho, na nguo za watu zikatoka zimepinda. Sasa alisikia tu kamba ikikwaruza kwenye mwimo, kisha ile salamu, basi, akaendelea na kazi. Alijiona mjanja. Walikuwa wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, wakaichukua ile chupa wakaitumia.

Alasiri moja uzi mweupe ulimwishia. Mama alikuwa amejilaza. Fundi alikwenda dukani, akachagua uzi na zipu, akabishana kidogo na muuzaji kwa mazoea, akarudi. Karibu na nyumbani aliona pikapu imesimama nje, wanaume wanne wakijifuta jasho nyuma yake. Akaingia getini.

Ua lilikuwa pale. Ndani ya chungu chake, pembeni ya geti, mahali pale pale liliposhushwa siku ya kwanza. Mlinzi alikuwa akilifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, petali moja moja, na hakumtazama usoni. Mchakato alisimama karibu, shati limepigwa pasi.

"Dada," alisema, hata hakuonekana ana hasira. "Bosi anapita leo na wageni wake, wanataka kuona majengo. Ua lake mmelificha msituni! Mtu anawapa zawadi, mnaigeuza mfuniko?"

"Chemba mmeifunika na nini?"

"Chemba gani?"

"Chemba! Mmeifunika na nini?"

"Ah, hiyo." Mchakato alitazama simu yake. "Hiyo dada iko kwenye..."

Fundi hakungoja amalize. Kwenye benchi mjane wa dereva alikuwa amejisogeza upande mmoja, kama alivyofanya kila siku, akimwachia mwenzake nafasi.

"Umerudi?" mjane alimwambia. "Nimesikia mlango wenu. Huyo anakuja."

Fundi alitazama juu ya majani. Kamba ilikuwa inacheza. Ilicheza kama ilivyocheza kila alasiri, kutoka mlangoni kuja huku, na nyuma ya mtikisiko huo kilemba cha mama kikiteleza juu ya vichwa vya majani, kimenyooka, bila haraka, kilemba cha mtu anayejua aendako.

"Mama!" Fundi aliita, akaanza kukimbia. Uzi ukamtoka mkononi, ukabingirika.

Mama alifika kwenye nguzo. Aliachia kamba. Akanyoosha mkono wa kulia mbele, kiganja kimefunguka, na salamu yake tayari mdomoni. Mkono ulipapasa hewa. Ukashuka kidogo, ukapapasa tena.

"Nailoni?" alisema, akitabasamu. "Leo umejificha wapi?"

"Mama, simama hapo hapo!"

Nyuma ya Fundi, pikapu ilikuwa inageuza ili iondoke, na watoto walikuwa wameziba njia. Dereva akapiga honi, ndefu, bila kuachia, ikaimeza sauti yote ya Fundi, na mama akasogeza mguu mmoja mbele kulitafuta ua.